Shuka Lililozima Taa

Kila Jumamosi Cheche alipanda paani na beseni la nguo, akinung'unika ngazi hadi ngazi. Jina hilo la utani alilipata kwa kutojua kutulia. Kamba ya kuanikia ilikuwa kivulini, nguo zilichelewa kukauka, naye alitaka kucheza. Basi akaihamisha mwenyewe na kuifunga mbele ya paneli za jua, penye joto la kutosha.

Paneli zilikuwa mali ya wapangaji wote. Walichangishana kuzinunua, na kila mwezi waliweka akiba ili betri ikichakaa wasihangaike. Lakini siku hizi, kila Jumamosi, taa zilizimika mapema.

Lawama zikamwangukia shangazi yake Cheche, aliyeshona nguo ghorofa ya chini kwa cherehani ya umeme. Jioni hiyo kikao kingeamua: akatiwe umeme, au akiba yote ivunjwe kununua betri mpya.

"Wakinikatia, nitashona kwa meno?" shangazi alitania. Kisha akausugua mkono wake wenye maumivu. "Cherehani ya kuzungusha siiwezi tena, mwanangu."

Alasiri Cheche alipanda kuanua mashuka. Alipovuta la mwisho, kivuli kiliondoka kwenye paneli, na namba kwenye kisanduku kinachoonyesha umeme unaoingia ikapanda ghafla. Akalirudisha shuka. Namba ikaporomoka. Angeweza kuirudisha kamba na kunyamaza, maana hakuna aliyemwona. Lakini shangazi je?

Kikao kilikaa kwenye ngazi. Mweka hazina, mwalimu mstaafu, alisema, "Wanaotaka mshonaji akatiwe, wanyooshe mikono."

Mikono ikaanza kuinuka.

"Jamani, subirini!" Cheche alipaza sauti. "Si shangazi. Ni mimi, na mashuka yangu."

Wengine walicheka. Mweka hazina hakucheka. Aliwaongoza wote paani kabla jua halijazama, akaliinua shuka mbele ya paneli. Namba ikashuka. Akalishusha, ikapanda. Kicheko kikakatika.

"Uvivu wako ungemnyima shangazi yako riziki!" mama yake Cheche alifoka.

"Kweli, amekosea kutafuta njia ya mkato," mweka hazina alisema. "Lakini amesema ukweli kabla ya kuulizwa. Sisi watu wazima tulitaka kuvunja akiba na kumwadhibu jirani bila hata kupanda kuangalia. Umeme ni kama fedha: kabla ya kutafuta zaidi, fahamu kwanza ule ulio nao unapotelea wapi. Mshonaji, tuwie radhi."

Kamba ilirudishwa kivulini. Jumamosi iliyofuata taa ziliwaka hadi watu walipokwenda kulala, na cherehani ikanguruma chini.

"Shangazi, umenisamehe?" Cheche aliuliza mlangoni, shuka mkononi.

"Lete hilo shuka," shangazi alisema bila kuinua macho. "Nimeona pindo lake limefumuka."