Mahindi Yalisingiziwa

Xaveria aliteremka kutoka Mbulu kuja Bagara, mjini Babati, kwa jambo moja tu: kumpokea mjukuu wake wa kwanza. Mkwewe Careen alikuwa mjamzito. Mwanawe Theodory alishinda shambani Sigino. Basi nyumba ikawa mikononi mwa bibi.

Na bibi alikuwa na amri zake. Kubwa kuliko zote ilihusu mahindi mabichi.

"Usiyaguse," alimwambia Careen, huku yeye mwenyewe akitafuna hindi la kuchoma. "Ndiyo yanayoleta homa. Kwetu kila mtu anajua."

Careen alimeza mate tu. Mama mkwe habishiwi.

Chandarua ambacho Careen alipewa kliniki, Xaveria alikitandaza juu ya miche yake ya kabichi, ili kuku wasiidonoe. Kwao milimani kuna baridi na mbu ni wachache. Hakuona sababu ya watu kulala ndani ya wavu kama samaki.

Miche ilistawi ajabu. Aliyenyauka ni Careen. Alichoka hata kufagia. Viganja vyake vilipauka, na akaanza kula udongo kwa siri.

Asubuhi moja aliinuka kwenye kigoda, akaanguka.

"Jamani, mjukuu wangu!" Xaveria alipiga kelele.

Jirani yao Salme, mhudumu wa afya wa mtaa, alikuja mbio.

"Shikamoo, Mama Theodory."

"Marahaba, mwanangu. Mwone huyu! Na mahindi hajala hata punje!"

Salme alimtazama Careen ndani ya kope la chini. Palikuwa peupe. "Damu imepungua. Twende zahanati akapimwe malaria pia."

"Lakini mwili wake hauna joto," alisema Xaveria.

"Mjamzito anaweza kuwa na malaria bila homa kali. Ndiyo maana hatubahatishi, tunapima."

Wakapanda bajaji. Kipimo kilionyesha malaria, na damu ilikuwa kidogo kweli. Muuguzi alimpa Careen dawa ya malaria na vidonge vya kuongeza damu. Akamwonya amalize dozi, hata akijisikia nafuu.

Wakiwa nje kwenye benchi, Xaveria alinong'ona, "Salme, kama si mahindi, malaria imetoka wapi?"

Salme akacheka. "Mahindi yanasingiziwa, mama. Mvua ikinyesha, mahindi yanastawi, na madimbwi yanajaa. Mbu wanazaliana humo. Mbu jike akimuuma mwenye malaria, anabeba vimelea. Baadaye akimuuma mwingine, anamwambukiza. Mahindi na mbu huja msimu mmoja. Mwizi amekimbia, mmemkamata aliyesimama karibu."

"Na damu je?"

"Vimelea vinaharibu chembe za damu. Kwa mjamzito vinajificha pia kwenye kondo la nyuma, mtoto asipate chakula cha kutosha. Anaweza kuzaliwa na uzito mdogo, au mimba ikaharibika."

Machozi yalimlenga Xaveria. "Kumbe nimelinda kabichi, mjukuu nimemwacha nje."

"Hujachelewa, mama. Tuanze leo."

Na siku hiyo hiyo wakaanza. Chandarua cha kwenye bustani kilikuwa kimetoboka, kwa hiyo Theodory alileta kipya chenye dawa. Kila jioni Xaveria alikichomeka chini ya godoro kwa mikono yake. Dimbwi la karibu na bomba alilifukia. Tarehe ya kliniki ikifika, alikuwa wa kwanza kuvaa viatu, Careen akameze vidonge vya SP vya kuzuia malaria. Wajawazito wa mtaa walianza kumkwepa, maana kila aliyepita aliulizwa, "Wewe umelala ndani ya chandarua?"

Careen alipata nguvu, na udongo hakuutamani tena. Wakati ulipofika, akajifungua mtoto wa kike.

Muuguzi alimweka mtoto kwenye mizani, akatabasamu. "Uzito mzuri kabisa."

Xaveria alipiga vigelegele mpaka akaombwa apunguze sauti. Akapewa mtoto, akambeba kifuani.

"Haya bibi, mpe mama yake amnyonyeshe," alisema muuguzi.

"Subiri kidogo, mwanangu," alisema Xaveria. "Acha kwanza nami nisikie huo uzito."