Kola ya Athieno

Mwaka 1957, kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Athieno alitia petroli katika lori kuukuu la baba yake pale Busia. Baba, Mzee Odoi, alikuwa akipakia magunia ya pamba. Athieno alitandika kitambaa cheupe ndani ya faneli ili kuchuja petroli ya pipa, kisha akamimina.

Jumatatu moja lori lilianza kukohoa. Likazima kwenye kilima kidogo tu.

"Jumamosi litaifikishaje kwaya yenu Tororo mashindanoni?" Baba alilalamika.

Moyo wa Athieno ulishtuka. Yeye ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo. "Tulitilie super, Baba," alisema haraka. "Gari jipya la mwalimu mkuu hunywa super, nalo hukimbia kama swala!"

Super, petroli ya daraja la juu, ilikuwa ghali. Baba alizitazama soli za viatu vyake zilizotoboka, akazitoa fedha za viatu vipya, akainunua. Lori likainywa yote, likakohoa vilevile.

Ijumaa, kwenye mazoezi, rafiki yake Among alimnusa shingoni. "Jamani, mwanzishaji wetu ananukia kama lori!"

Kwaya nzima iliangua kicheko. Athieno hakucheka. Kola mpya ya gauni lake ilikuwa kile kitambaa cha kuchujia! Alikuwa amekifua na kukishona kwa siri, akidhani faneli tupu haitadhuru kitu.

Alikimbia nyumbani. Alimkuta Baba na Fundi Etyang wameinamia injini.

"Baba, nisamehe," alisema huku machozi yakimlengalenga. "Kitambaa cha kuchujia ndicho hiki, kola yangu. Lori lilipoanza kukohoa nilijua, nikasingizia petroli."

Fundi alifungua kabureta. Ilijaa kutu ya pipa. "Loo! Hapa hata super haipiti," alisema akicheka. "Tena, Mzee, injini hii ya zamani haina haja nayo. Gari la mwalimu liliundwa kwa super. Hili lako liliundwa kwa petroli ya kawaida. Lipe tu iliyo safi." Akaisafisha kabureta mpaka ikang'aa.

Jumamosi lori lilipanda kilima likinguruma kwa petroli ya kawaida, na watoto wakashangilia. Athieno alikaa mbele, gauni lake halina kola.

"Kumbe si kila kilicho ghali kinatufaa," Baba alisema. "Nawe mwanangu, ukikosea, sema mapema. Ukweli ungekuja Jumatatu, leo ningekuwa na viatu."

Akakanyaga mafuta, kidole gumba cha mguu kikichungulia nje ya kiatu. Wote wawili wakacheka, na Athieno akaanzisha wimbo.