Ndama Kendi na Sarafu ya Simba

Kila jioni baada ya shule, Nkirote alikuwa na kazi ya kumwangalia Kendi. Kendi alikuwa ndama wa gredi, wale ng'ombe wa maziwa mengi, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Nkirote alimkatia nyasi, akampa maji, kisha akampapasa ndani ya masikio na chini ya mkia akitafuta kupe.

Ndama huyo hakununuliwa. Kikundi cha akina mama pale kijijini Kianjai kilimpa mama yake Nkirote, Celina, kwa makubaliano kwamba akikua na kuzaa, ndama wake wa kwanza ataenda kwa jirani yao, Mama Cicily.

"Huyu ni wa nyumba mbili," Celina alipenda kusema. "Akikohoa, sisi wote tunakohoa."

Siku moja binamu yake Nkirote, Munene, alitoka Meru mjini akaja kuwatembelea. Alimwonyesha Nkirote picha kwenye simu. Zilikuwa picha za sarafu zilizotoka kiwandani na kasoro: moja ilikuwa na maandishi yaliyopigwa mara mbili, nyingine mnyama wake alikuwa amekaa upande.

"Kuna watu wanakusanya hizi," Munene alisema. "Wananunua kwa pesa nyingi kuliko ile imeandikwa."

Tangu siku hiyo, Nkirote alianza kupitia dukani kwa Mzee Kailemia, ambaye aliweka sarafu zake kwenye mkebe mkubwa. Mzee alimruhusu kukaa juu ya kreti ya soda na kuzipekua. Aliyoipenda angeichukua na kuacha yake ya thamani ileile.

"Lakini zitoshane," mzee alisema akicheka. "Nikikosa hata shilingi moja ya twiga, utabaki hapa uniuzie duka."

Nkirote alielekeza kila sarafu kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza polepole. Twiga, kifaru, simba, ndovu. Alipofika nyumbani giza lilikuwa linaingia. Alimtupia Kendi nyasi na kukimbilia jikoni.

"Umeangalia masikio ya Kendi?" mama yake aliuliza.

"Nimeangalia, mami."

Mara ya kwanza alipolisema hilo, uso wake ulipata joto. Baadaye ulimi ulizoea.

Kisha, Alhamisi moja, aliipata. Ilikuwa shilingi kumi ya simba, na ile sehemu ya katikati yenye rangi nyingine ilikuwa imehama kidogo upande mmoja, kama kiini cha yai kilichosogea kikaangoni. Hata Mzee Kailemia aliivalia miwani.

"Hii kweli ilitoka vibaya," alisema.

Nkirote aliacha shilingi kumi yake na kukimbia nyumbani, ngumi ikiwa imefungwa.

Alimkuta mama yake amechuchumaa zizini. Kendi alikuwa amelala, anahema haraka haraka. Nyasi za asubuhi hazikuwa zimeguswa.

"Kuja hapa," Celina alisema. "Shika hapa chini ya sikio."

Nkirote alishika. Palikuwa na uvimbe kama yai la kuku.

Daktari wa mifugo, Marete, alikuwa mbali. Alisema kwa simu kwamba angefika asubuhi. Nkirote aliteka maji kwa kiganja na kuyapeleka mdomoni mwa Kendi, lakini yalichuruzika yote chini. Akaomba simu ya mama yake.

"Munene, nimepata moja! Ambia wale wanunuzi waje leo. Kendi anaumwa."

"Leo?" Munene alishtuka. "Mimi niliona picha tu, Nkirote. Simjui hata mmoja."

Nkirote alirudi zizini. Alikuwa na sarafu aliyoitafuta kwa siku nyingi, na kwa Kendi haikuwa hata tone la dawa.

Asubuhi, Celina aliuza jogoo wake na kuku wawili ili apate pesa za dawa. Marete alipofika, alifungua sikio la Kendi. Ndani mlikuwa na kupe walionona kama maharagwe.

"Ni ndigana," alisema. "Kupe ndio wanaileta. Na huu uvimbe haukuanza jana. Kwani hakuna mtu alikuwa anaangalia masikio?"

Celina alimgeukia binti yake. "Si kila siku unaniambia umeangalia?"

Nkirote alitaka kusema kwamba kupe waliingia jana. Kisha akamwona Mama Cicily amesimama langoni, mkono shavuni.

"Sikuangalia, mami. Nilikuwa dukani natafuta sarafu. Nilikudanganya."

Celina hakumgombeza. Alimshika Kendi kichwa, na Marete akamdunga sindano.

"Mimi nimefanya yangu," daktari alisema. "Sasa ni kungoja tu."

Wakangoja. Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita. Nkirote alikaa zizini ameshika kamba, ingawa Kendi hakuwa na nguvu za kwenda popote. Hakukuwa na kazi nyingine ya kufanya, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Jumapili baada ya kanisa, Mama Cicily alileta majani ya viazi vitamu. Kendi aliyanusa. Akavuta jani moja, akalitafuna. Nkirote, Celina na Mama Cicily hawakusogea, wakiogopa kwamba wakimshtua ataacha. Akavuta jingine.

Nkirote alitoa ile sarafu mfukoni na kumpa mama yake. Celina aliielekeza kwenye jua.

"Kasoro ndogo hivi, na uliiona," alisema. "Uvimbe kama yai hukuuona. Macho mazuri unayo, Nkirote, lakini uliyapeleka dukani, na huyu alikuwa anakungoja kila jioni. Na kuna kitu kingine. Kama ungeniambia hukuangalia, ningeangalia mimi. Uongo wako ulitufunga macho sisi wote."

Akamrudishia sarafu. Nkirote aliirudisha mfukoni bila kuitazama, akainama, akafungua sikio la Kendi.