Bima ya Kwenda kwa Mume Wangu

—Hiyo bima inakava corona?

Hakunisalimia. Hakuuliza nimeshindaje wala mama anaendeleaje. Saadi, mume wangu, alianza moja kwa moja na corona.

—Inakava matibabu ya dharura, nikamwambia. Ajali, mizigo kupotea, hata jino likiuma.

—Corona, Twahira. Imeandikwa corona?

Nikaisogeza karatasi dirishani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za kutafutwa kwa miwani, paliandikwa kwamba magonjwa ya mlipuko hayahusiki.

—Haijaandikwa.

—Basi hiyo siyo. Tafuta nyingine. Huku ukiugua bila bima utajuta.

Akakohoa, akasema ni vumbi la Maskati, akakata simu.

Nyie mnaosoma hii huku mume anakoroma pembeni, mshukuruni Mungu pamoja na hiyo mikoromo. Mimi niliolewa mume akiwa hayupo. Saadi alikuwa Oman, dereva wa kampuni ya vifaa vya ujenzi, ndege zikasimama kwa sababu ya corona na yeye hakutaka kusubiri. Akampa uwakili rafiki yake Khalfani, fundi cherehani wa hapa hapa mjini Arusha. Baba mdogo akaniozesha nyumbani kwetu Kijenge, Khalfani akaipokea ndoa kwa niaba ya mwenzake, na bwana harusi mwenyewe akawa anasikiliza kwenye simu iliyolazwa mezani katikati ya chupa za soda.

Pilau likaliwa, wageni wakaondoka. Nikarudi na hina yangu mikononi kwenye chumba nilichokulia, nikalala kwenye kitanda changu cha tangu niko shule. Godoro kubwa jipya alilonunua mama tulilisimamisha ukutani, likiwa ndani ya nailoni yake. Nilisema nitalifungua Saadi akija.

Saadi hakuja. Nikawa si msichana, si mke. Kwenye shughuli za watu, walioolewa wananiuliza mume anarudi lini, na wasioolewa hawanihesabu tena mwenzao. Nikicheka wanasema huyu hana hata uchungu. Nikinyamaza wanasema ameshaachwa anaficha. Nikawa siendi. Jioni naketi kitandani nalitazama lile godoro, nasubiri simu.

Ndipo tukakubaliana nimfuate. Viza ingepatikana, ila ubalozi ulitaka bima ya safari inayolipia corona. Hapo ndipo nilipomjua kaka Aminiel, wakala wa bima mwenye kiofisi karibu na Mnara wa Saa, Mmeru mpole anayeongea taratibu mpaka unataka kumsaidia kumalizia sentensi. Alinitafutia ya pili, ikawa inalipia corona lakini si gharama za karantini. Saadi akaikataa. Ya tatu ilikuwa na karantini, ila hospitali unalipa mwenyewe kwanza, wao wanakurudishia baadaye. Saadi akaikataa hiyo kwa ukali kuliko zote. Aliniuliza, ukiwa umelala na mashine ya hewa puani, hela ya kulipa kwanza utaitoa wapi?

Aminiel aliniuliza kama mume wangu anafanya kazi kwenye bima. Nikamwambia ni dereva. Akasema basi ni dereva msomi sana, tukacheka. Laiti ningelichukua lile swali nikaondoka nalo.

Nisimfiche sifa yake, Saadi alikuwa anapiga kila jioni kwa intaneti, namba ileile ya Oman. Ramadhani nzima alinipigia kabla ya magharibi. Nilikuwa namuuliza kama wameshafuturu huko, maana kwao jua linawahi kuzama, naye anajibu, "Zamani, mke wangu." Adhana ya msikiti wa jirani ikianza tu, ananiambia nile, anakata haraka. Nikadhani ananipa nafasi. Nikawa nakula tende zangu nikiitazama simu iliyozimika, mama yuko sebuleni anakula zake.

Mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza, Aminiel akanipigia niende. Alikuwa ameipata. Hospitali inalipwa moja kwa moja, karantini imo, tiketi ya kurudi ukiishiwa nguvu imo, hata maiti inasafirishwa. Mpaka maiti nikaifurahia.

Jioni ile nilimsomea Saadi mstari kwa mstari. Nilipomaliza nikamsikia akikohoa mbali na simu.

—Saadi?

—Nipo.

—Hii haina kasoro. Au inayo?

—Haina.

—Mbona hufurahi?

—Nafurahi. Ni kwamba... huku kazi zimebana kidogo. Tungesubiri.

—Tusubiri nini tena?

Umeme ukakatika. Kijenge nzima ikawa giza, na kule kwa Saadi redio iliyokuwa inaimba nyuma yake ikanyamaza. Sikutilia maanani. Akawa ananieleza habari za kazi, mimi nami nikimsikiliza gizani na karatasi yangu mapajani. Alikuwa katikati ya sentensi umeme uliporudi, na watoto wa mtaa wetu wakapiga ile kelele yao ya kila siku.

—Umerudiii!

Na ndani ya simu, upande wake, watoto wengine wakapiga kelele ileile.

Nikasema ni mwangwi. Nikabana simu sikioni. Ndipo mtoto wa kule, karibu kabisa na dirisha lake, akaita:

—Lesikar! Washa tivii!

Simu ikakatika. Baada ya kidogo ukaingia ujumbe: "Mke wangu mtandao mbaya sana leo. Tutaongea kesho. Lala salama."

Nilikaa na ule ujumbe mpaka taa ya simu ikajizima. Kweli dunia imechanganyika, lakini Lesikar ni jina la Kimaasai, na Maskati kuna akina Lesikar wangapi? Nikawaza mke mwingine. Nikawaza watoto. Usingizi sikuupata, na kila upepo ukipita ile nailoni inachakarika ukutani, inanicheka.

Asubuhi nilikwenda kwa Khalfani. Alikuwa anapima suruali ya mteja, aliponiona akaidondosha futi. Nikamsubiri mteja atoke.

—Shemeji, karibu. Kwema?

—Khalfani, wewe ndiye uliyenipokea kwa niaba yake. Watu wote walikuona. Sasa nipeleke kwake.

—Shemeji, Saadi yuko...

—Yuko hapa Arusha. Nataka mtaa tu.

Akakaa kwenye kiti cha cherehani, akashika kichwa.

—Aliniapisha.

—Kuna mwanamke?

—Hakuna. Wallahi hakuna mwanamke. Yuko Terrat, chumba cha kupanga. Shemeji, usiende na hasira.

Nilikwenda nayo yote. Njia nzima nilikuwa napanga matusi, makubwa nyuma, madogo mbele. Terrat kulikuwa na manyunyu, mawingu yameufunika Mlima Meru wote hauonekani, na mimi nimevaa sweta juu ya baibui na bado natetemeka. Nikaupata mlango alionielekeza Khalfani, wa mwisho kwenye safu ya vyumba. Nikasimama mbele yake, nikapiga simu.

—Mke wangu.

—Uko wapi, Saadi?

—Chumbani. Nimetoka kazini sasa hivi.

—Joto vipi huko?

—Usiseme. Leo limezidi.

—Pole. Umekula?

—Nitakula. Mbona sauti yako iko hivyo?

Nikabisha. Kule kubisha kwangu nilikusikia mara mbili, mlangoni na sikioni.

—Subiri kidogo, akasema. Kuna mtu anabisha.

—Mfungulie.

Nikasikia pumzi yake, nzito, inayovutwa kwa shida. Kisha komeo. Saadi alifungua mlango simu ikiwa bado sikioni, amevaa koti la Khalfani, na ndani ya lile koti mwanaume niliyemjua kabla hajasafiri alikuwa amebaki nusu.

Hakuna aliyekata simu. Tulitazamana.

—Umerudi lini?

—Kabla ya Ramadhani.

Matusi yangu niliyatafuta sikuyaona. Niliona kijigodoro chembamba sakafuni, redio, na pakiti ya tende dirishani. Ile pakiti ndiyo iliyonimaliza.

—Ulikuwa unafuturu saa ngapi, Saadi?

Akainama.

—Saa yako.

—Ulikuwa unaniambia umeshakula zamani.

—Nilikuwa nimeshika tende mkononi. Adhana ikianza nakata, nisije nikakupigia bismillahi sikioni.

Nililia hapo mlangoni bila kujali majirani. Mwezi mzima tumefuturu kwa magharibi moja, mji mmoja, kila mtu peke yake anaitazama simu.

Akanieleza kwa vipande, maana hewa ilikuwa haimtoshi kusema yote kwa mara moja. Aliugua corona kule. Kampuni ikasema bima yao haimhusu. Hospitali ilikula akiba yote, na alipoweza kusimama kazi ilikuwa imeshapewa mwingine. Akapandishwa ndege ya kurudi na nguo alizovaa.

—Niliahidi kukutunza, akasema. Ningekuja kwa mama yako nikiwa hivi? Nikasema nipone kwanza, nipate kazi, halafu siku moja nishuke na sanduku, ijulikane ndiyo natoka uwanja wa ndege.

—Na kama mimi ningepata viza?

—Nilikuwa naomba usipate bima.

Alilisema bila kuniangalia. Nikalisikia likiniingia polepole.

—Nimezunguka mji huu, Saadi, natafuta karatasi ya kuniuguza nikiugua kwako. Wewe unaumwa hapa hapa, mke unaye, ukanikimbia.

—Nilikuonea aibu.

—Mimi je? Mimi niliyekuwa nakaa na godoro kwenye nailoni, watu wananicheka, sina hata wa kumwambia nimechoka? Aibu yako umeilea wewe, upweke wake nimeubeba mimi.

—Nisamehe.

—Sijui. Leo sijui. Vaa viatu, twende kwa mama. Utamwambia mwenyewe.

Tulikodi bajaji. Mama alikuwa uani anaanua nguo. Saadi akasimama mbali kidogo, akasema shikamoo. Mama alimtazama kuanzia viatuni, akanitazama mimi, akarudi kwake. Ndipo akaitikia marahaba, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akaniuliza kwa nini mgonjwa amesimama kwenye baridi. Mengine aliniambia mimi baadaye, nayo hayaandikiki.

Sikumsamehe siku ile, msije mkadanganyika. Ila godoro nililipakia kwenye guta kesho yake, nikalifuata mpaka Terrat. Tulilishusha wawili, yeye akishika upande mmoja na kupumzika kila hatua chache. Nikaichana ile nailoni kwa meno. Saadi akajilaza, akasema mgongo wake ulikuwa umesahau kitu laini, akalala kabla hajamaliza kulisema. Anapumua kwa shida, anapiga mluzi kifuani. Nikakaa pembeni yake kumsikiliza.

Simu ikalia. Nikaipokea kwa kunong'ona. Alikuwa kaka Aminiel, akiongea taratibu kama kawaida yake.

—Dada Twahira, ile bima ya Maskati niiandae? Unasafiri lini?

Nikamtazama Saadi, nikamfunika koti mabegani.

—Usiiandae, kaka yangu. Nimeshafika.