Mkia wa Msafara

Kila asubuhi Shangazi aliifunga miguu yake kwa kitambaa kabla ya kuvaa viatu, na Kiguu alimshikia ncha. Mizunguko mitatu kisiginoni, miwili vidoleni, kisha Shangazi alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Asubuhi hiyo alikuwa amefunga mguu mmoja tu simu ilipolia.

"Msaidizi wangu anaumwa," alisema alipoiweka. "Mwanangu, leo utakuwa mkia."

Shangazi alikuwa mwongozaji wa watalii. Yeye alitangulia na mwavuli wa manjano juu, na nyuma kabisa alitembea mtu mwenye mshipi mwekundu begani, ili asiachwe mgeni yeyote. Huyo ndiye mkia. Kiguu aliitamani kazi hiyo tangu wahamie mji ule, miezi mitatu iliyopita. Jina lake hasa lilikuwa jingine. Shangazi alimwita Kiguu kwa kuwa tangu udogoni alikuwa kiguu na njia, hatulii nyumbani.

"Na mgeni akipotea?" aliuliza.

"Msimamizi wa ziara alishasema. Mwongozaji akipoteza mgeni, arudishe kitambulisho. Na bila kitambulisho, mimi na wewe hatuna kazi wala nyumba."

Langoni, ziara ilipoanzia, Shangazi aliwaambia wageni maneno yaleyale ya kila siku: "Ukibaki nyuma, usinitafute mimi. Mfuate mkia. Mkia anaijua njia."

Siku ya kwanza Kiguu alitembea kifua mbele. Siku ya nne, msaidizi akiwa bado anaumwa, alijikokota. Ilikuwa ni lango, mnara, makumbusho, basi. Kesho tena lango, mnara, makumbusho, basi. Penye mnara Shangazi alisema, "Ngazi ni mia na ishirini. Aliyezijenga hakuwa na magoti." Wageni walicheka kila siku, kwa sababu kila siku walikuwa wapya. Aliyezeeka na mzaha ule ni Kiguu peke yake.

Nyuma ya mnara palikuwa na kichochoro. Huko kulitoka harufu ya sabuni na vicheko vya wanawake.

"Shangazi, kule kuna nini?"

"Huko si njia yetu," Shangazi alijibu bila kugeuka.

Jua lilikuwa kali siku hiyo ya nne, na hadithi ya mnara ilikuwa ndefu. Kiguu alijiambia, dakika mbili tu. Akaingia.

Alikuta uwanja mzima wa mashuka meupe, safu kwa safu, hata usione upande wa pili. Dobi mmoja mnene, mikono imejaa povu, alimtazama. "Wewe mwenye mshipi, umepotea au umetumwa?"

"Naangalia tu."

"Angalia basi, macho hayana pazia. Haya ndiyo wanayolalia wageni wenu. Wao wanapiga picha mnara, sisi tunajua nani anakunywa chai kitandani."

Kiguu alicheka, mara ya kwanza tangu awe mkia. Dakika mbili zikawa kumi. Aliposhtuka, alitokea upande mwingine akikimbia, akaufikia msafara mlangoni pa makumbusho.

Saa nane walifika kwenye basi. "Mkia, wote wamo?" Shangazi aliuliza.

"Wote wamo," alisema Kiguu, ilhali hakuwa amehesabu.

Shangazi akahesabu mwenyewe, akigusa kila bega kwa mpini wa mwavuli. Kumi na mmoja. Akarudia. Kumi na mmoja, nao walitoka kumi na wawili. Aliyekosekana ni mzee wa kofia ya ukindu, mwalimu mstaafu aliyeumwa goti.

Msimamizi alishuka kwenye basi. "Kulikoni?"

"Nimehesabu vibaya kule makumbusho," Shangazi alisema. "Kosa ni langu." Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kamba ya kitambulisho.

Kiguu alitazama chini. Kitambaa cha mguu wa Shangazi kilikuwa kimefunguka, kinaburuta vumbini.

"Si kosa lake," alisema. "Mimi nilitoka njiani penye mnara. Nikasema wote wamo, na sikuhesabu."

Shangazi hakumkaripia. Aliuliza tu, "Wapi?"

Kiguu akawaongoza, Shangazi na msimamizi, hadi uwanja wa madobi. Walimkuta Mwalimu katikati ya mashuka, ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, amevua viatu, anakunja foronya taratibu kama anayesahihisha madaftari.

"Nilikaa ngazini kulipumzisha goti," alieleza. "Nikauona mshipi mwekundu unaingia huku, nikaufuata, kama tulivyoagizwa. Mashuka yakanimeza. Kama si mama huyu, ningekuwa bado nazunguka."

"Mtuachie," alisema yule dobi. "Anakunja vizuri kuliko binti zangu."

Mwalimu alimgeukia msimamizi. "Mtoto amesema kweli mbele ya watu. Mkimnyang'anya shangazi yake kazi kwa hilo, kesho nani atasema kweli?"

Msimamizi alijifuta jasho. Naye alionekana mchovu. "Kitambulisho kibaki," alisema. "Mshipi nipe."

Kiguu aliuvua, akaukabidhi kwa mikono miwili.

Jioni Shangazi alitumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Kiguu alichuchumaa kando na taulo.

"Wahenga wanasema kupotea njia ndiyo kujua njia," alijaribu, kwa sauti ndogo.

"Ni kweli, kwa anayepotea peke yake. Mwenye watu nyuma yake hupotea nao." Shangazi alimwangalia. "Kuchoka si kosa, Kiguu. Kutamani kuona nako si kosa. Ulikosea kuondoka bila kusema, kisha ukasema usilolijua. Ungeniambia, 'Shangazi, nimechoka,' ningekupumzisha. Lile ulilosema pale kwenye basi ndilo lililotuokoa. Siku nyingine liseme mapema."

"Nisamehe, Shangazi." Kiguu alikunja taulo, akalikunjua. "Lakini nilikuuliza kule kuna nini. Hukuniambia."

Shangazi alichezesha vidole majini.

"Sikukuambia kwa sababu sikujua. Mji huu siujui, mwanangu. Naijua njia ile moja, na hata hiyo niliikariri kitabuni. Na mimi nimechoka, nimechoka kujifanya naujua." Alinyoosha mguu ukaushwe. "Jumapili hatuna wageni; tutautembea mji huu sisi wawili, na utangulie wewe. Mimi nitakuwa mkia."