Nyuso Zilizofutwa Piassa

Asubuhi hiyo, katika ofisi ya kutafuta waliopotea, Piassa, Addis Ababa, maelfu ya nyuso zilikuwa zimetoweka kwenye kompyuta.

Inspekta Yeshi Gudeta alimkuta Tirsit, fundi wa kompyuta, akilia. Meneja, Bwana Lemma, alikuwa amemsimamia.

"Afande, mkamate huyu. Kazembea, kontena limezimika!"

"Kontena gani?"

"Ni chumba ndani ya seva, programu inafanyia kazi humo," alisema Tirsit. "Yetu ni kanzidata ya vekta. Picha ya kijana aliyepotelea njia ya Uarabuni inageuzwa namba. Nyuso zinazofanana zinakaa jirani."

"Likizimika?"

"Hakipotei kitu. Data inakaa kwenye hifadhi ya nje. Hata kontena ukilifuta, hifadhi inabaki. Hii nayo imefutwa, kwa amri nyingine tofauti."

"Nani anaweza kuitoa amri hiyo?"

"Mimi na bosi."

"Jana umeme ulikatika," Lemma alidakia.

"Umeme hauandiki amri, bwana," Inspekta alimjibu.

Kumbukumbu za seva zilionyesha amri ilitoka kwenye kompyuta ya Lemma, Tirsit akiwa ameshaondoka.

"Jana mlimtafuta nani?" Inspekta aliuliza.

"Mwana wa Mama Zenebech, yule pale kwenye benchi. Nyuma ya kijana pichani kuna mwanamume amemshikia begi. Nikamtafuta na yeye. Kumbe yumo kwenye picha za kuagana za familia chungu nzima! Nikamwambia bosi."

Mama Zenebech alitoa picha ndani ya shuka lake. Inspekta akaiweka mezani mbele ya Lemma.

"Unamjua?"

Lemma aliisukuma picha kando.

"Nimekuuliza, unamjua?"

"Shemeji yangu," Lemma alinong'ona. "Ni dalali wa kusafirisha vijana Uarabuni. Akikamatwa atanitaja."

"Akutaje kwa lipi?"

"Namba za simu za akina mama... nilimpa mimi. Ndizo walizopiga watekaji kudai kikomboleo."

Mama Zenebech aliinuka.

"Niliuza ng'ombe wangu wote! Nikalia hapa hapa, ukanimiminia kahawa, ukaniambia, 'Pole mama, Mungu yupo.' Mshenzi wewe!"

Inspekta alimfunga Lemma pingu, akazikaza kuliko ilivyohitajika.

Tirsit alijifuta machozi, akawasha kontena jipya, tupu. Picha walikuwa nazo akina mama wenyewe, wangeanza upya.

"Nipe picha, mama. Tuanze na mwanao."

Mama Zenebech alitikisa kichwa, akaweka kidole juu ya mwenye begi.

"Anza na huyu."