Chupa ya Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi, Sindano na binamu yake walijaza chupa moja ya maji ya kisima na kumpelekea mpima maji. Tangu mitambo ianze kupasua miamba ng'ambo ya barabara ili kutoa gesi, kila nyumba jirani ilitoa chupa yake. Binamu huyo aliitwa Waziri, maana kazi yake kubwa ilikuwa kuagiza.

Jumamosi moja, bomba la kisima lililokuwa stoo lilikohoa, likatema hewa, kisha likatoa mlio mwembamba kama mtu anayepumua nyuma ya mlango. Sindano akarudi nyuma hadi nje, nywele zimemsimama.

"Mle kuna kitu," alinong'ona.

"Kuna uvivu wako," alijibu Waziri kwa heshima zote za cheo chake, akiwa amesimama mbali kabisa. "Kajaze kwenye bomba la shule. Maji ni maji. Nani atajua?"

Sindano aliitazama chupa. Maji ya shule yaliletwa na lori. Yangesema kisima ni kizima, na Bibi angeendelea kunywa maji yake. Akaingia tena. Chupa ikajaa maji meupe kama maziwa, yakitoa mapovu kana kwamba yanachemka, ilhali ni ya baridi.

Mlango ukafunguliwa. Bibi aliingia na mshumaa, kiberiti tayari mkononi.

"Mbona umekaa gizani, mjukuu wangu? Ngoja nikuwashie."

 Sindano akaurukia mkono wa Bibi, njiti zikamwagika sakafuni.

"Umepagawa, wewe?"

"Maji yanapumua, Bibi, huenda ni gesi. Tutoke."

Akamvuta hadi uani, chupa kwapani. Waziri alikuwa ameshafika barabarani, akiongoza msafara wa mtu mmoja.

Sindano akampelekea mpima maji ile chupa. Mpima alipokuja nyumbani, kifaa chake kililia kabla hajavuka kizingiti. Uchimbaji ukasimamishwa siku hiyohiyo. Mafundi walikuta saruji inayozunguka bomba la gesi imepasuka, na gesi imepenya hadi kisimani. Wakaiziba, na nyumba zote zikaletewa maji mpaka chupa ziliporudi safi.

"Gesi hii haina harufu," mpima maji alimwambia Sindano. "Ndiyo maana tunapima kabla ya kuchimba na tunaendelea kupima, hatungoji mtu aumie. Lakini kifaa hakiwezi kumshinda mtu anayekiletea maji ya uongo. Uliogopa, na bado ukaleta ya kweli."

Bibi alitikisa kichwa, akachukua chupa tupu na kumkabidhi Waziri.

"Mheshimiwa," alisema, "Jumamosi ijayo ni zamu yako. Nami nitasimama mlangoni."